Programu Ugenini: Istilahi za Kuendesha Programu katika Mfumo Usio Wake

1. Utangulizi

Barua nyingi tuletewazo na wasomaji huuliza kama neno fulani ni Kiswahili sanifu au la. Barua iliyotusukuma kuandika makala haya ilikuwa ya namna nyingine. Iliandikwa na mweka hazina wa chama kimoja cha ushirika wa akiba na mikopo, na jambo aliloliuliza lilikuwa jambo la fedha.

Chama hicho kilikuwa na kompyuta tano za siku nyingi, nacho kilitunza hesabu zake kwa programu iliyotungwa kwa ajili ya mfumo wa Windows. Huduma za kawaida za Windows 10 zilipokoma tarehe 14 Oktoba, 2025, kompyuta hizo hazikutimiza masharti ya kupokea Windows 11. Viongozi wakashauriwa wahamie kwenye Linux, mfumo ambao matoleo yake mengi hayatozwi ada, na baadhi yake huridhika na mashine dhaifu. Ama kuhusu programu ya hesabu, kijitabu cha mwongozo kiliwaondolea wasiwasi kwa sentensi moja tu: programu ingeendelea kufanya kazi "kwa kutumia kiigizi".

Fundi wa chama alilisoma neno hilo akaelewa kitu kimoja, muuzaji wa vifaa akaelewa kitu kingine, naye mwandishi wa kijitabu alikuwa amekusudia kitu cha tatu. Mwisho wake chama kilinunua leseni mpya ya Windows pamoja na kumbukumbu za kuongezea katika kila mashine, na bado kazi ikaenda kwa kusuasua. Hapakuwa na haja ya kununua chochote kati ya hivyo. Mweka hazina, ambaye alitakiwa kutoa maelezo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, alituuliza swali fupi: kati ya watu hao watatu, ni nani asiyejua Kiswahili?

Jibu la swali hilo halitupendezi, lakini hatuna budi kulitoa. Wote watatu wanajua Kiswahili. Kijitabu kile kilipitia mikononi mwetu kabla ya kupigwa chapa, nasi ndio tulioshauri kwamba neno "kiigizi" litumike kila mahali ili matini iwe na mlingano. Dhana tatu zilizo mbalimbali tukazivika kanzu moja. Mlingano tukaupata, maana tukaipoteza.

Makala haya basi yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza, kwa namna ambayo msomaji asiye mtaalamu wa kompyuta ataweza kufuata, jinsi programu iliyotungwa kwa mfumo mmoja inavyoweza kuendeshwa katika mfumo mwingine. Pili, yanapendekeza istilahi za kutofautisha njia hizo, na kutoa sababu za kila pendekezo.

2. Kwa nini programu haifanyi kazi ugenini

Kompyuta imejengwa kwa tabaka. Chini kabisa pana maunzi: prosesa, ambayo ndiyo itekelezayo maagizo, pamoja na kumbukumbu, diski, kiwambo na printa. Juu ya maunzi pamekaa mfumo endeshi, kama vile Windows, Linux au macOS, ambao kazi yake ni kuvigawa vifaa hivyo kwa haki na kwa utaratibu. Juu ya mfumo endeshi ndipo zilipo programu tumizi: ya kuandikia barua, ya kufanyia hesabu, ya kuchezea michezo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba programu tumizi haiigusi diski wala printa moja kwa moja. Kila ihitajipo kitu huomba, na mfumo endeshi ndio unaotekeleza. Ombi hilo tutaliita wito wa mfumo. Programu ya Windows itakapo kufungua faili hupitisha ombi lake kwa jina la CreateFile; programu ya Linux huomba jambo lilo hilo kwa jina la open, na kwa mpangilio mwingine wa maneno. Aidha, Windows huzipa diski herufi, hata njia ya kufikia faili ikaanza na C na kutenganishwa kwa mkwaju ulioegemea nyuma; Linux ina mzizi mmoja tu, na mkwaju wake umeegemea mbele. Kwa kawaida, katika Windows faili liitwalo HESABU na lile liitwalo hesabu ni faili moja. Katika Linux ni mafaili mawili. Hata faili tekelezi lenyewe, yaani lile linalobeba programu, limefungwa kwa namna tofauti: la Windows huanza na herufi MZ, ilhali la Linux hubeba mwanzoni herufi ELF.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui, nalo ndilo ufunguo wa mjadala wetu wote. Kompyuta ya mezani yenye Windows na ile yenye Linux aghalabu zina prosesa za ukoo mmoja. Maagizo ya kujumlisha, kutoa, kulinganisha na kuhamisha tarakimu ni yaleyale. Programu ya hesabu ya chama chetu cha ushirika, ikiwa ndani ya Linux, inaweza kabisa kujumlisha amana za wanachama bila msaada wa yeyote. Hukwama pale tu inapofungua kinywa kuomba. Mfano wake ni fundi seremala aliyehamia nchi ya mbali: mikono yake ni ileile na randa ni ileile, bali hajui namna ya kuagiza mbao.

Kwa hiyo, kila tuambiwapo kwamba programu fulani "haikubali", inafaa tuulize maswali mawili yaliyo mbalimbali. Je, prosesa ndiyo ngeni, au mfumo endeshi ndio mgeni? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayozigawa njia tutakazozieleza.

3. Njia nne

3.1 Kuiga mashine

Njia ya kwanza ni kutunga programu inayojifanya kuwa mashine nyingine nzima, pamoja na prosesa yake. Kila agizo la prosesa ya kigeni husomwa, na jambo lililo sawa nalo hutendwa na prosesa iliyopo. Njia hii ni kongwe. Kampuni ya IBM ilipotangaza kompyuta za System/360 tarehe 7 Aprili, 1964, ilikuwa na wateja wengi waliokwisha kutunga programu zao kwa ajili ya mashine ya zamani, IBM 1401. Wateja hao wasingalikubali kuyatupa matunda ya kazi ya miaka kadhaa. Hivyo baadhi ya mashine mpya ziliwekewa uwezo wa kuiga ile ya zamani, nao wateja wakavuka na mali zao.

Katika zama za karibu, DOSBox, iliyotolewa mwaka 2002, huiga kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 ili programu za wakati huo zipate kufufuka, na QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003, huweza kuiga prosesa za koo nyingi. Faida ya kuiga ni kwamba hakuna ugeni usioweza kuvukwa. Hasara yake ni mwendo: agizo moja la mgeni laweza kugharimu maagizo mengi ya mwenyeji.

3.2 Kuigawa mashine

Njia ya pili haiigi prosesa. Kompyuta moja hugawanywa kwa ustadi, na kila fungu likaaminishwa kwamba ni kompyuta kamili inayojitegemea. Ndani ya fungu hilo husimikwa mfumo endeshi mzima, na ndani ya mfumo huo programu hujiona nyumbani, kwa sababu kwa hakika iko nyumbani. IBM ilitoa mfumo wa namna hii, VM/370, tangu mwaka 1972. Katika kompyuta ndogo njia hii ilienea baada ya kampuni ya VMware kutoa bidhaa yake ya kwanza mwaka 1999.

Mwendo wa njia hii ni mzuri, kwa kuwa maagizo mengi hutekelezwa na prosesa yenyewe bila mpatanishi. Lakini gharama yake iko mahali pengine. Atakaye kuendesha programu moja ya Windows ndani ya Linux kwa njia hii sharti asimike Windows nzima, ailipie leseni, na aitengee kumbukumbu na nafasi katika diski. Ni sawa na kumjengea mgeni nyumba ya pili uani kwa sababu tu hajazoea kulalia kitanda chetu. Hiki ndicho alichokiuza muuzaji wa vifaa kwa chama cha ushirika, naye hakudanganya. Alisoma "kiigizi" akafikiri kwamba ndicho kilichotakiwa.

3.3 Kupatanisha maombi

Njia ya tatu yaacha prosesa kama ilivyo, wala haihitaji mfumo wa kigeni. Yashughulikia maombi tu. Kati ya programu na mfumo endeshi huwekwa tabaka linalojua namna ya kuomba ya pande zote mbili. Programu ikiita CreateFile, tabaka hilo hupokea, hutafuta faili kwa desturi za Linux, kisha hurudisha jibu kwa sura ambayo programu ya Windows imeizoea. Programu haijui kwamba Windows haipo.

Mfano mashuhuri ni Wine. Mradi huu ulianza mwaka 1993, wakati Linux yenyewe ina umri wa miaka miwili, kwa lengo la kuendesha programu za Windows 3.1, tangu mwaka 1994 umeongozwa na Alexandre Julliard. Toleo lililopewa nambari 1.0 lilitoka tarehe 17 Juni, 2008, yaani baada ya miaka kumi na mitano. Urefu wa muda huo wenyewe ni somo. Watungaji hawakuwa na programu chanzi ya Windows ya kutazama. Iliwapasa kusoma maelezo yaliyochapishwa, kuzijaribu programu moja moja, na kuandika upya maelfu ya huduma ambazo Windows huzitoa, pamoja na zile ambazo hazikuelezwa popote, na hata makosa ambayo programu zilikuwa zimekwisha kuyategemea.

Wine hutengeneza katika folda ya mtumiaji folda nyingine iitwayo drive_c, na kuionyesha programu kana kwamba ndiyo diski C. Daftari kuu ambamo Windows huweka kumbukumbu za mipangilio yake, Wine huliandika katika mafaili ya kawaida ya matini. Jina la faili likiombwa kwa herufi kubwa, Wine hulitafuta katika folda bila kujali ukubwa wa herufi. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, ambayo imejengwa juu ya Wine, na mwaka 2022 ikaanza kuuza mashine ya michezo inayotumia Linux huku sehemu kubwa ya michezo yake ikiwa imetungwa kwa Windows.

Kuna jambo moja kuhusu Wine ambalo lapasa kututahayarisha. Jina lenyewe hufafanuliwa na watungaji wake kuwa ni kifupisho cha sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba Wine si kiigaji cha mashine. Kijitabu tulichokipitisha kilisema, katika ukurasa wa tatu, kwamba Wine ni kiigizi. Yaani tulichukua kitu ambacho jina lake ni kanusho, tukalifasiri kwa kuliondoa kanusho hilo.

Isidhaniwe kwamba njia hii haina upungufu. Programu inayodai kuingia hadi kwenye kiini cha mfumo, au inayotumia kifaa chenye kiendeshi cha pekee, aghalabu hukwama. Nyingine hufanya kazi nusu: huonyesha kiwambo kwa usahihi lakini huvuruga mpangilio wa herufi wakati wa kuchapa. Kwa hiyo ni wajibu kuijaribu programu kwa nakala ya hesabu, si kwa hesabu zenyewe, kabla ya kuihama mashine ya zamani.

3.4 Kufasiri maagizo

Njia ya nne hutumiwa pale ambapo mfumo endeshi ni uleule bali prosesa imebadilika. Kampuni ya Apple imepita huko zaidi ya mara moja. Mwaka 2006 ilipohamia kwenye prosesa za Intel iliwapa watumiaji programu iitwayo Rosetta, na mwezi Novemba, 2020 ilipoanza kuuza kompyuta zenye prosesa za kwake yenyewe ikawapa Rosetta 2. Jina limechukuliwa kutoka jiwe lililopatikana Misri mwaka 1799, lenye tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu, ambalo lilimsaidia Champollion kuanza kuyasoma maandishi ya kale ya Misri mwaka 1822.

Rosetta 2 huichukua programu iliyotungwa kwa prosesa ya zamani na kuifasiri maagizo yake kwa wingi kabla haijaanza kutumika, kisha huitunza tafsiri hiyo kwa matumizi ya baadaye. Maagizo ambayo hayakuweza kujulikana mapema hufasiriwa papo hapo programu ikiwa inaendelea. Msomaji wa jarida hili atatambua mara moja kwamba hizi ni kazi mbili ambazo Kiswahili kimezitenga tangu zamani: ya kwanza ni kazi ya mfasiri, aketiye na matini mezani, ya pili ni kazi ya mkalimani, ambaye hana muda wa kufungua kamusi.

4. Uteuzi wa istilahi

Katika kuunda istilahi tumefuata utaratibu uliozoeleka: kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kutohoa kutoka lugha za kigeni. Katika dhana hizi Kiswahili kimetosheleza karibu kila mahali.

Mfumo endeshi. Wapo wanaosema "mfumo wa uendeshaji". Istilahi zote mbili ni sahihi, lakini ile fupi ina faida ya kuungana kwa urahisi na maneno mengine: mfumo endeshi mwenyeji ni nyepesi kutamka kuliko mfumo wa uendeshaji ulio mwenyeji. Tumechagua ile fupi.

Kiigaji. Hapa ndipo tulipokosea hapo awali. Mbali na kulitumia "kiigizi" kwa dhana tatu, tulisahau kwamba neno hilo lina kazi nyingine. Wanafunzi wa sarufi nchini Kenya hufundishwa vielezi viigizi, yaani vile vinavyoiga milio na namna ya matukio, kama vile kuanguka pu au kumwagika mwaa. Zaidi ya hayo, kitenzi igiza chabeba maana ya mchezo wa jukwaani, na maigizo ni mambo ya kutazamwa kwa muda, si mambo ya kutegemewa. Kitenzi iga ndicho kinachosema hasa jambo linalotendeka. Kwa kukiweka katika ngeli ya ki-vi, ambayo ndiyo ngeli ya vyombo, twapata kiigaji, wingi viigaji. Wapo wenzetu waliotetea neno "emuleta". Tumelikataa kwa sababu halinyumbuliki: kutokana na iga twapata uigaji, igwa, igika, kutokana na emuleta hatupati kitu.

Mashine pepe. Dhana hii ilitupa kazi kubwa kuliko zote. Baadhi ya wataalamu walipendelea "mashine dhahania". Lakini dhahania, kama ilivyozoeleka katika nomino za dhahania, ni kitu kisichoshikika, kilichomo akilini tu. Na mashine tunayoizungumzia hufanya kazi ya kweli na hula umeme wa kweli. Dhidi ya pepe pia kuna hoja. Mkulima wa mpunga akisikia pepe atakumbuka punje tupu, ile ambayo upepo huichukua wakati wa kupeta, na mashine hii si tupu hata kidogo. Hata hivyo barua pepe imekwisha kukaa vinywani mwa watu, na hakuna aidhaniaye kuwa ni barua isiyo na kitu ndani. Matumizi yamekwisha kulipa neno hilo maana mpya, nasi hatuoni faida ya kushindana nayo. Tumependekeza mashine pepe.

Mfumo mwenyeji na mfumo mgeni. Katika mashine pepe mfumo unaomiliki maunzi hupokea mfumo mwingine ndani yake. Kiswahili kina jozi ya maneno iliyo tayari, nayo yabeba uhusiano wote wa haki na wajibu: mwenyeji ndiye mwenye nyumba na ndiye agawaye chakula, mgeni hutumia alichopewa. Swali lilikuwa la upatanisho. Neno mgeni lina sifa ya kuwa pia kivumishi, hivyo twaweza kusema mfumo mgeni, mifumo migeni. Mwenyeji halina uhuru huo; tumependekeza libaki nomino, nasi tuseme mfumo mwenyeji, mifumo wenyeji. Kitenzi kifuate neno mfumo: mfumo mwenyeji umezimika, si amezimika.

Tabaka patanishi. Wasomaji waliozoea kulisikia neno tabaka katika habari za siasa wasishtuke. Maana yake ya asili ni kitu kilichopangwa juu ya kingine, na ndiyo tuliyoikusudia. Kwa upande wa patanishi, tulipewa pia "fasiri" na "kalimani". Tulivutiwa nayo, lakini tukaona kwamba tafsiri hubadilisha matini, na katika njia hii maagizo ya programu hayabadilishwi. Kinachofanyika ni kuzifanya pande mbili zikubaliane katika maombi na majibu. Wanasarufi wana upatanisho wa kisarufi, ambapo neno moja hupewa umbo linalotarajiwa na jingine. Uhusiano wa dhana hizi mbili ni wa karibu, hivyo istilahi haitampotosha mwenye kuijua ile ya sarufi.

Kifasiri maagizo. Neno mfasiri ni la mtu. Kwa chombo, ngeli ya ki-vi yatupa kifasiri. Tumeongeza maagizo ili isidhaniwe kwamba ni programu ya kufasiri lugha za watu, ambazo nazo siku hizi zipo.

5. Faida ya kutenganisha

Pengine msomaji atauliza: je, haya si mambo ya kuwahusu wataalamu peke yao? Tungependa kujibu kwa mfano. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliongeza katika Windows 10 sehemu ya kuendeshea programu za Linux. Mwanzoni sehemu hiyo ilikuwa tabaka patanishi: wito wa Linux uligeuzwa kuwa wito wa Windows, na kiini cha Linux hakikuwamo. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitangaza toleo la pili, ambalo huendesha kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe. Jina la bidhaa halikubadilika ila kwa nambari, lakini njia ilibadilika kabisa, na pamoja nayo mahitaji ya kumbukumbu, kasi ya kusoma mafaili na uwezo wa kuendesha programu ambazo hapo kwanza zilikataa. Mwandishi mwenye neno moja tu hawezi kulieleza badiliko hilo kwa Kiswahili. Mwenye maneno mawili aweza kulieleza kwa sentensi moja, kama tulivyofanya hapa.

Hali ni hiyohiyo kwa mnunuzi. Akiambiwa mashine pepe, na aulize habari za leseni ya mfumo mgeni na ukubwa wa kumbukumbu. Akiambiwa tabaka patanishi, na aulize kama programu yake imekwisha kujaribiwa, na printa yake je. Akiambiwa kiigaji, na aulize kuhusu mwendo. Kila istilahi yabeba maswali yake, na anayenyimwa istilahi hunyimwa maswali.

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Faili tekelezi: faili linalobeba programu iliyo tayari kuendeshwa.

Kifasiri maagizo: programu inayofasiri maagizo ya prosesa moja yawe maagizo ya prosesa nyingine, kabla au wakati wa kuendeshwa.

Kiigaji: programu, au programu pamoja na maunzi, inayotenda kama mashine nyingine nzima, pamoja na prosesa yake.

Mashine pepe: fungu la kompyuta lililotengwa likawa kama kompyuta kamili, lenye mfumo endeshi wake.

Mfumo endeshi: programu kuu inayotawala maunzi na kuzihudumia programu tumizi.

Mfumo mgeni: mfumo endeshi uliosimikwa ndani ya mashine pepe.

Mfumo mwenyeji: mfumo endeshi unaomiliki maunzi na kuupokea mfumo mgeni.

Tabaka patanishi: programu inayopokea maombi ya programu iliyotungwa kwa mfumo mmoja na kuyatimiza kwa kutumia huduma za mfumo mwingine.

Wito wa mfumo: ombi la programu kwa mfumo endeshi.

7. Hitimisho

Tulimwandikia mweka hazina na kumweleza mambo haya kwa urefu, pamoja na kukiri kosa letu, ili barua hiyo aweze kuisoma mbele ya wanachama. Baadaye alitujulisha kwamba fundi aliondoa mashine pepe katika kompyuta moja, akaweka tabaka patanishi, na kuijaribu programu kwa nakala ya hesabu za mwezi mmoja. Hesabu zilitoka sawasawa. Stakabadhi zilichapwa zikiwa na herufi zilizobanana hadi fundi alipoongeza mwandiko uliokosekana, nazo zikanyooka. Fedha iliyokwisha kutumika haikurudi. Wanachama waliuliza ilikwendaje, naye akawasomea barua yetu.

Kijitabu kinasahihishwa. Nakala za kwanza, hata hivyo, ziko mikononi mwa watu, na neno lililokwisha kuchapwa ni gumu kuliita lirudi. Kwa hiyo twawaomba wahariri, walimu na mafundi watakaolikuta neno "kiigizi" katika maandishi ya kompyuta wasitosheke nalo, bali waulize ni njia ipi kati ya hizi nne iliyokusudiwa, kisha waandike jina lake.

Mapendekezo haya si sheria. Huenda katika karakana za Mombasa, Bukavu au Unguja mafundi wamekwisha kuwa na maneno yao yaliyo mafupi na bora kuliko haya yetu. Wenye maneno hayo tunawaomba watuandikie, waeleze neno lilivyo, linatumika wapi, na kwa kitu gani hasa. Hilo la mwisho ndilo tutakalolitazama kwanza.